Sanaa ya Kabla ya Historia na Mwanzo wa Sanaa ya Magharibi

Sanaa ya kabla ya historia ni jina la jumla la michoro, nakshi, sanamu na mapambo yaliyotengenezwa na watu ambao jamii zao hazikuwa na maandishi. Waandishi wengine huiita sanaa ya historia ya awali. Istilahi zote mbili hutumika, ila hazilingani kwa uzito. "Kabla ya historia" yaweza kumfanya msomaji adhani kwamba watu hao hawakuwa na historia, ilhali walichokosa ni maandishi tu. "Historia ya awali" huwaingiza ndani ya historia na kuwapa nafasi ya kwanza. Panapohitajika uwazi zaidi, "sanaa ya kabla ya maandishi" hutosha. Mpaka wenyewe hauna tarehe moja: Misri ilikuwa na maandishi takriban mwaka 3200 KK, na sehemu kubwa ya Ulaya ya kaskazini ilikaa bila maandishi kwa zaidi ya miaka 3,000 baada ya hapo.

Vitabu vingi vya historia ya sanaa ya Magharibi hufunguliwa na mapango ya Ufaransa na Hispania: Chauvet, Lascaux, Altamira. Kisha huvuka hadi Misri na Mesopotamia, na hatimaye Ugiriki, kana kwamba ni ukoo mmoja. Ukoo huo umepangwa na watu wa baadaye. Waliochora Lascaux takriban miaka 17,000 iliyopita hawakujua Ulaya wala Magharibi. Wala Ulaya haikutangulia: katika pango la Blombos, Afrika Kusini, kimepatikana kipande cha jiwe chenye mistari ya rangi nyekundu ya miaka ipatayo 73,000, na kisiwani Sulawesi, Indonesia, yumo nguruwe aliyechorwa angalau miaka 45,500 iliyopita. Mfasiri anayekuta maneno yenye maana ya "sanaa ya kwanza ya binadamu" katika maandishi ya zamani kuhusu Lascaux ana haki ya kuyatafsiri, lakini asiyarudie katika utangulizi wake mwenyewe.

Kisa cha Altamira chaonyesha jinsi neno moja linavyoweza kupofusha macho ya wataalamu. Mwaka 1879 Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa akichimba sakafu ya pango hilo, kaskazini mwa Hispania, akitafuta zana za mawe. Binti yake mdogo, María, ndiye aliyeinua macho akaona wanyama darini. Sautuola alichapisha habari hizo mwaka 1880, akisema ni kazi ya watu wa Zama za Mawe. Wataalamu, akiwamo Mfaransa Émile Cartailhac, walimkataa. Wapo waliodai kwamba wanyama wale wamechorwa na msanii wa siku zile zile. Hoja yao ilisimama juu ya dhana kwamba "mshenzi" hawezi kuchora vile. Sautuola alifariki mwaka 1888 bila kusafishwa jina. Michoro mingine ilipopatikana katika mapango ya Ufaransa, Cartailhac alibadili msimamo, na mwaka 1902 akachapisha makala ya kukiri kosa lake. Kwa sababu hiyo, maneno kama "sanaa ya kishenzi" au "watu wasiostaarabika" yatumike tu pale yanapotafsiri kauli ya mtu wa zamani, tena yabaki ndani ya alama za kunukuu.

Majina ya zama nayo yana mtego. Mwanafunzi wa Tanzania au Kenya amefundishwa Zama za Mawe za Kale, za Kati na za Mwisho. Mgawanyo huo ulitungwa kwa ajili ya Afrika, ukachapishwa mwaka 1929, na hauoani na mgawanyo wa Ulaya, ambao pia una sehemu tatu. Lascaux, kwa hesabu ya Ulaya, ni kazi ya kipindi cha mwisho cha Zama za Mawe za Kale. Miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa Zama za Mawe za Mwisho. Dawa yake ni kutaja miaka kila mara. Hapo tena pana tahadhari: "miaka 17,000 iliyopita" ni karibu mwaka 15,000 KK, na wanaochanganya hesabu hizi mbili hupoteza miaka 2,000.

Neno pango nalo lina kiasi chake. Lascaux na Altamira ni mapango hasa, yenye kina na giza, na wachoraji walihitaji taa za mawe zilizowashwa kwa mafuta ya wanyama. Michoro ya Kondoa, Tanzania, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa sehemu kubwa iko chini ya miamba iliyoinama, ambako mwanga wa jua hufika. "Michoro ya miambani" huchukua aina zote mbili. "Michoro ya mapangoni" ibaki kwa ile ya gizani.

Kwa upande wa vitenzi Kiswahili kina bahati. Kuchora, katika matumizi ya zamani, ni pamoja na kukwaruza na kukata alama juu ya mti au jiwe. Maana ya kalamu na brashi imetawala baadaye. Katika mapango ya Ulaya mistari iliyokwaruzwa na rangi iliyopakwa hukaa ukutani pamoja, na kitenzi hicho huvibeba vyote viwili. Rangi nyekundu ina jina lake pia: ngeu, udongo mwekundu ambao maseremala waliutumia kupigia mistari juu ya mbao. Mnyama wa Altamira, hata hivyo, asiitwe nyati tu, kwa maana msomaji atamwona mnyama wa Serengeti. Aitwe baisani.

Kinyago kidogo cha mwanamke kilichopatikana Willendorf, Austria, mwaka 1908, chenye urefu wa sentimita 11 hivi, kimezoeleka kwa jina la Venus. Venus ni mungu wa kike wa Waroma, na kazi hii ilimtangulia kwa zaidi ya miaka 20,000. "Mungu wa kike wa Willendorf" ni tafsiri inayodai lisilothibitishwa. "Mwanamke wa Willendorf" yatosha. Hata sanamu, ambalo wasomaji wengi hulihusisha na ibada, lahitaji uangalifu hapa.

Sanaa ya Magharibi kwa maana finyu huanzia Bahari ya Aegea: Krete na jumba la Knossos, ambalo picha zake nyingi za ukutani zimekamilishwa na wakarabati wa karne ya 20, kisha Mikene, kisha Ugiriki. Sanamu za Kigiriki za vijana wa kiume za karne ya 6 KK husimama kama za Misri, mikono ubavuni, mguu wa kushoto mbele. Fundi wa Misri aliacha jiwe nyuma ya mgongo na kati ya miguu. Mgiriki aliliondoa, na kijana akasimama kwa miguu yake mwenyewe.