"Deplorable": ya kusikitisha au ya kulaaniwa?

Katika habari za Kiingereza, viongozi wanapozungumzia mauaji ya raia au kambi ya wakimbizi isiyo na maji, mara nyingi husikika neno "deplorable". Mkazo wake uko kwenye sehemu ya pili, "plo". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kulia na kuomboleza.

Leo neno hili lina matumizi mawili. La kwanza ni kueleza hali mbaya mno. Ikisemwa kuwa wafungwa wanaishi katika hali "deplorable", sisi husema hali ya kusikitisha, au duni kupita kiasi. La pili ni kushutumu tendo. Shambulio dhidi ya hospitali likiitwa hivyo, msemaji hawaonei huruma majeruhi tu, bali anasema pia kuwa waliolifanya wametenda uovu. Hapo tunasema shambulio la kulaaniwa.

Ndiyo maana hatuwezi kutumia tafsiri moja kila mahali. Ajali ya basi inasikitisha, na msiba unasikitisha. Tukiliita shambulio hilo "la kusikitisha" tu, tumemwondolea lawama aliyelifanya. Na tukisema "barabara ya kulaaniwa" kwa sababu ina mashimo, tutachekwa.

Neno hili huuma zaidi likielekezwa kwa watu. Tarehe 9 Septemba 2016, jijini New York, Hillary Clinton, aliyekuwa akigombea urais wa Marekani, alisema nusu ya wafuasi wa Donald Trump wanaweza kutiwa katika kapu la "deplorables". Neno lililokuwa sifa ya hali na matendo likawa jina la watu. Kesho yake Clinton alisema anajutia kutaja "nusu". Lakini wafuasi wa Trump walikwisha kulidaka jina hilo, wakaliandika kwenye fulana na kulivaa kwa majivuno.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukilisikia neno hili tazama linaelekezwa wapi: kwenye hali, tendo au mtu. Nawe ukitaka kulitumia, lielekeze kwenye tendo. Aliyeambiwa kwamba alichofanya ni kiovu anaweza kukiacha. Aliyeambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye uovu hana pa kuanzia.