Kutoka Bumbire hadi Pumwani: Majina ya Watu na ya Mitaa katika Utafiti wa Miji

Miongoni mwa maswali yanayofika mezani petu mara kwa mara, liko moja ambalo kwa nje laonekana dogo: katika kufasiri taarifa za anthropolojia ya miji, makundi ya watu wanaokaa mjini yaitwe nini, na sehemu wanazokaa ziitwe nini? Wafasiri wengi hulijibu kwa haraka. Kila kundi huwa "kabila", kila sehemu huwa "mtaa", na kazi ikaendelea. Hivi karibuni tulipitia rasimu ya tafsiri moja ya namna hiyo, iliyohusu watu waliotoka pande za Bukoba kwenda kuishi Kampala na Nairobi. Hatukuona humo kosa la sarufi hata moja. Hata hivyo tuliirudisha, kwa sababu neno "Wahaya" lilikuwa limetumika toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kana kwamba lina maana moja, ilhali katika maandishi yaliyofasiriwa lilikuwa na maana tatu. Makala haya yanaeleza maana hizo zilivyozaliwa.

Tuanze kisiwani. Bumbire ni kisiwa cha Ziwa Viktoria kilicho kusini ya mji wa Bukoba, mkabala wa mwambao wa Ihangiro, na leo ni sehemu ya wilaya ya Muleba. Kiliingia katika magazeti ya Ulaya na Marekani kwa mambo yaliyotokea mwaka 1875. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Henry Morton Stanley, akilizunguka ziwa kwa mashua, alifika hapo kutafuta chakula. Wenyeji wakaikokota mashua nchi kavu na kumnyang'anya makasia, naye akaponyoka kwa bunduki. Tarehe 4 Agosti alirudi na kundi la mitumbwi akawapiga risasi watu waliosimama ufukoni, wakafa kwa makumi. Barua zake zilipochapwa, Waingereza wengi walichukizwa na kitendo hicho. Kwa sisi tunaoshughulika na istilahi, jambo la kuangalia ni namna alivyowataja watu hao. Aliwataja kwa kisiwa chao na kwa watawala wao, Shekka wa Bumbire na Antari wa Ihangiro, na alipowakasirikia akawaita washenzi. (Wengi wa watu aliosafiri nao walikuwa Wangwana wa Unguja, kwa hiyo neno hilo la mwisho halikuwa geni kwao.)

Kujulikana kwa nchi na kwa mtawala ndiyo ilikuwa desturi ya eneo zima. Mtu alikuwa Mziba kwa kuwa ni wa Kiziba. Mwingine alikuwa wa Ihangiro, wa Kianja, wa Kyamutwara au wa Bugabo. Ama jina "Haya", iko kauli isimuliwayo na kuandikwa na baadhi ya watafiti kwamba hapo awali lilikuwa jina la wavuvi wa ufukoni na visiwani. Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, na tangu hapo watawala wa kigeni, Wajerumani na kisha Waingereza, walihitaji jina moja la kuandikia watu wa falme kadhaa zilizowekwa chini ya boma moja. Ikiwa kauli hiyo ni kweli, basi jina la wavuvi ndilo lililopanda mlimani likawafunika hata wafalme. Mwaka 1924 wasomi wa Bukoba walipounda chama chao walikiita Bahaya Union, ishara kwamba wenyewe walikuwa wamekwisha kulipokea. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya neno: watu wa falme zile wakitazamwa kwa pamoja. Ni maana halali, lakini ina umri wake, na mfasiri anayeitia katika habari za mwaka 1875 anawavika watu wa Bumbire nguo iliyoshonwa baadaye.

Katika miji ya Afrika ya Mashariki utaratibu wa kutaja ulikwenda kinyume. Nyumbani nchi ilimpa mtu jina, kama Kiziba ilivyompa Mziba. Mjini watu ndio walioipa nchi jina. Dar es Salaam, iliyogawanywa kwa kanuni za ujenzi wakati wa Wajerumani na tena wakati wa Waingereza, ilipata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Tazama ufundi wa lugha: kiambishi u- na -ni vimeshika katikati yake jina la watu, na matokeo yake ni mahali. Msemaji wa Kiswahili hakuhitaji mtafiti kumweleza kwamba mji wake umekatwa vipande vitatu, kwa kuwa alikuwa akilisema jambo hilo kila siku alipotaja njia ya kwenda sokoni. Kwa maoni yetu majina haya matatu hayafai kufasiriwa wala kubadilishwa katika tafsiri yoyote ya historia ya mji. Hayo yenyewe ni ushahidi.

Sasa tuje Kampala. Mwaka 1957 Aidan Southall na Peter Gutkind walitoa kitabu chao juu ya vitongoji vya mji huo, wakishughulika zaidi na Kisenyi na Mulago. Kisenyi ilikuwa katika Kibuga, yaani chini ya serikali ya Kabaka, wala si chini ya manispaa, na watu wa kila upande walipanga humo vyumba. Wanawake waliotoka Bukoba walikuwa miongoni mwao, nao walitajwa sana kwa biashara ya mapenzi. Habari za Nairobi zinafanana na hizo. Janet Bujra alifanya utafiti wake Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na baada yake Luise White akatoa kitabu mwaka 1990 kilichojengwa juu ya mazungumzo na wanawake wazee waliokuwa wameishi humo. White alizipanga kazi zao kwa majina ambayo wakazi wenyewe walikuwa wakiyatumia: malaya, watembezi na waziwazi.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndipo rasimu ile ilipojikwaa. Katika masimulizi ya Pumwani "malaya" lilikuwa jina la mwanamke aliyekaa chumbani mwake akangoja wanaume wamfuate, akawapatia maji ya kuoga, chai, chakula na kitanda, kama mke. Miongoni mwao wako waliopata fedha za kumiliki nyumba na kupangisha wengine. "Watembezi" ni waliotafuta wanaume barabarani. "Waziwazi" ni waliokaa nje ya milango yao wakitaja bei mbele za watu, nalo lilikuwa jina la mitaani walilobandikwa wanawake wa Kihaya. Ndugu yetu mfasiri, kwa kuona haya au kwa kuona wepesi, aliyatia yote matatu katika kapu moja akaandika "malaya". Kwa msomaji wa leo malaya ni tusi na basi. Na "waziwazi" akiliona peke yake atalichukua kuwa ni kielezi, asijue kwamba ni jina la watu. Ushauri wetu ni kwamba maneno ya namna hii yaachwe kama yalivyosemwa, yafungwe kwa alama za mtajo, na yaelezwe mara ya kwanza yanapotokea, pamoja na mahali na miaka yake.

Hiyo ndiyo maana ya pili ya "Wahaya": jina la watu likageuka kuwa jina la kazi, mbali na nyumbani, midomoni mwa majirani. Ilikuwa namna ya kusema ya mji fulani katika miaka fulani. Katika rasimu, sentensi iliyosimulia wanawake wa baadhi ya nyumba za Pumwani katika miaka ya 1930 ilifasiriwa kwa maneno "Wahaya walikuwa", bila mwaka, bila mtaa, bila kusema ni wanawake gani. Mwanafunzi wa Kashai akisomeshwa sentensi hiyo darasani, atakuwa amesomeshwa habari za bibi yake.

Tena sababu ya safari zile imo katika maandishi, nayo isiachwe. Bei ya kahawa ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1930, na nyumba za Bukoba zilizokuwa zimeizoea fedha ya kahawa zikabaki na madeni. Fedha za mjini zilirudi nyumbani, na wako wanawake waliozinunulia vibanja vyao wenyewe, katika nchi ambamo ardhi ya ukoo ilishikwa na wanaume. Marja-Liisa Swantz mwaka 1985 na Birgitta Larsson mwaka 1991 wamewatazama wanawake wa Buhaya kutoka upande huo wa Bukoba. Mfasiri akisoma habari za Pumwani peke yake atapata mlango alipokaa mwanamke. Akisoma na hizi atapata kibanja kilichonunuliwa.

Maana ya tatu ni ya mtumishi wa serikali, anayejaza fomu. Kwake "Mhaya" ni jibu la swali la kabila. Yafaa ikumbukwe kwamba sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwauliza Watanzania makabila yao. Kwa hiyo pale mtafiti aliposema tu "watu waliotoka Bukoba", mfasiri asiongeze neno "kabila" ambalo hata serikali imeacha kuliuliza. "Watu wa Bukoba" yatosha. "Jamii" hutosha vilevile mahali pengi, ijapokuwa tunakiri kwamba neno hilo limebebeshwa mizigo mingi siku hizi.

Neno "mtaa" lina mtego wake pia. Katika mazungumzo ni vichochoro vitatu vinavyojuana. Katika Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, hata hivyo, mtaa ni ngazi ya utawala wa mjini, na mwenzake wa vijijini ni kitongoji. Bukoba ni manispaa, na kata zake, kama Hamugembe, Kashai, Bilele na Miembeni, zimegawanyika katika mitaa yenye mipaka na wenyeviti. Mtafiti akieleza ujirani ulioharibika Hamugembe katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, mfasiri akaandika "mtaa", ofisa atatafuta mwenyekiti na orodha ya kaya, wala mtafiti hakukusudia hayo. Kwa maana ya watafiti tunapendekeza "ujirani" au "maskani", na "mtaa" ubaki kwa maana ya sheria, isipokuwa pale wakazi wenyewe wanaponukuliwa.

Tukirudi Bumbire tunakuta shida iliyo kinyume. Kisheria huko ni kijijini, na sehemu zake ni vitongoji. Lakini mtu akishuka mwaloni msimu wa dagaa hukuta vibanda vya mabati vilivyobanana, mama lishe, maduka, na wavuvi waliotoka kila upande wa ziwa, Wahaya, Wakerewe, Wajita, Wasukuma na Waluo, wakipatana bei kwa Kiswahili. Kila alichokieleza mwanaanthropolojia juu ya Kisenyi kimo humo, pasipo jina la mji. Tulipomuuliza mzee mmoja wavuvi wake ni wa kabila gani, alitujibu, "Hao ni watu wa mwalo, wanangu," kisha akatutajia mialo waliyovua kabla ya huo.

Kwa hiyo tunapendekeza "mwalo", wingi "mialo", litumike katika tafsiri za utafiti wa ziwani kwa maana ya mahali pa kuegesha mitumbwi pamoja na makazi yanayopazunguka, na "watu wa mwalo" kwa wakazi wake, bila kujali walikotoka. Wasomaji wa Muleba, Ukerewe na Musoma wanaombwa watuletee maneno mengine yanayotumika mialoni kumtaja mkazi wa kudumu, mhamiaji wa msimu na mwenye mitumbwi, wakionyesha mwalo ambako kila neno lilisikika.