Siku 154 za msiba wa S.M.

Ukifungua ukurasa wa matangazo ya vifo katika gazeti la Kenya, jicho huanzia kwenye picha, likashuka kwenye jina, halafu kwenye orodha ndefu ya mume wa fulani, baba wa fulani, shemeji wa fulani. Mstari wa mwisho husema mwili utazikwa wapi. Wengi hawaufikii. Lakini kila Mei 23 inapowadia, waliokuwa watu wazima mwaka 1987 hukumbuka kwamba mstari huo uliwahi kuigawa nchi nzima.

Silvano Melea Otieno, wakili mashuhuri wa kesi za jinai ambaye Nairobi ilimwita S.M. tu, alifariki Desemba 20, 1986 akiwa na miaka 55. Aliacha mjane na watoto 15, baadhi yao wa kulea. Mjane huyo, Wambui, alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, mwanamke aliyepigania uhuru na ambaye hakuzoea kunyamazishwa. Yeye na S.M. walifunga ndoa ya sheria mwaka 1963. Alitaka kumzika mumewe katika shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager, akiwamo ndugu wa marehemu, Joash Ochieng' Ougo, ukasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao S.M. ni Nyalgunga, Siaya.

Safari ya mahakamani inajulikana. Mjane alishinda mwanzoni, Mahakama ya Rufaa ikataka kesi isikizwe kikamilifu, Jaji Bosire akaupa ukoo ushindi mwezi Februari, na Mei 15, 1987 rufaa ya Wambui ikatupwa.

Kilichobaki vinywani mwa watu ni ushahidi wenyewe. John Khaminwa, wakili wa mjane, alimchora S.M. kama mtu wa kisasa: msomi aliyempenda Shakespeare na kutazama Perry Mason kwenye runinga, mtu ambaye mila ilikuwa imemtoka zamani. Richard Kwach, wakili wa ukoo, alijibu kwa kumleta kizimbani mchimba makaburi. Mzee huyo alieleza kwamba S.M., alipokwenda kijijini kumzika nduguye, alimwambia kuwa siku yake ikifika amchimbie karibu na baba yake. Basi kauli ya makaburini ikawekwa kwenye mizani pamoja na cheti cha ndoa. Akaja pia Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kueleza mila za Wajaluo. Suala zito lilikuwa tofauti ya nyumba na boma. Mjaluo anaweza kuwa na nyumba Nairobi, hata kumi, lakini boma lake, dala, ni lile lililofunguliwa kwa taratibu za wazee. Lang'ata, Nairobi, alikolala S.M. kila usiku, kukawa malazi tu. Watu walifurika nje ya mahakama, na magazeti yakaandika karibu kila neno, mfano wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards.

Nimesoma simulizi la Wambui mwenyewe, *Mau Mau's Daughter*, pamoja na kitabu cha wanahistoria David William Cohen na E.S. Atieno Odhiambo, *Burying SM*. Wanahistoria wanashughulika na maana ya mila na nguvu za dola, na wana haki. Mimi nakiri simulizi la mjane limenivuta zaidi, labda kwa sababu ndilo lililoandikwa na mtu aliyefiwa. Swali langu ni dogo kuliko yao. Jirani aliyetaka kutoa pole mwezi Machi 1987 angebisha hodi wapi? Msiba huwa na mlango mmoja: unaingia, unakaa kwenye mkeka au kiti cha plastiki, unamwona mfiwa, unatia mkono, unanyamaza naye. Huu ulikuwa na milango miwili, na kuingia mmoja kulikuwa kuchagua upande. Mgeni wa Lang'ata alihesabiwa kuwa wa mjane, wa Nyalgunga wa ukoo. Rambirambi ikawa kura. Huku S.M. mwenyewe akiwa mochari siku 154, watoto wake wakijisomea kuhusu baba yao gazetini kila asubuhi.

Alizikwa Nyalgunga Mei 23, 1987. Wambui hakwenda.

Magazeti yalimrudia Wambui kwa kishindo mwaka 2003, alipoolewa na Peter Mbugua, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, na mara ya mwisho alipofariki Agosti 30, 2011. Tangu kesi hiyo familia nyingine nyingi zimefuata njia ya mahakamani kugombania maiti, na bado maneno ya marehemu kuhusu kaburi lake hayawafungi walio hai moja kwa moja. Jaji huyapima tu pamoja na mengine. Siku hizi michango hupitia M-Pesa na kamati ya mazishi huundwa kwenye WhatsApp kabla machozi hayajakauka. Nimekaa katika kamati kadhaa za namna hiyo. Mweka hazina huchaguliwa haraka. Kisha mtu huuliza atazikwa wapi, na kwa muda kidogo kila mmoja humtazama mjane, halafu huwatazama wakwe zake.