Kitanda, Meli na Kunguni wa Itungi

Nilipokuwa mtoto hapa Itungi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, Oktoba ulikuwa mwezi wa kuua kunguni. Jua huchoma mchanga wa ziwani mpaka haukanyagiki, na bibi aliyenilea alitoa nje kila kitu: mikeka, vitanda vya mianzi, hata vigoda. Kitanda alikigonga chini tendegu moja moja, kuku wakimfuata nyuma, kisha akamwagia maungio maji yaliyochemka. Jua peke yake hakuliamini. Alikuwa sahihi: kunguni na mayai yake huhitaji nyuzi 48 kwa saa moja na nusu hivi ndipo wafe wote, na mdudu mwenyewe hangoji kuiva, hukimbilia upande wa kivuli.

Tuko mita 480 hivi juu ya bahari, kwa hiyo baridi ya kumlaza kunguni hatuna. Katika nyuzi 28 au 30 yai huanguliwa kwa wiki moja hivi, na huyo mtoto naye hutaga kabla ya miezi miwili. Panda Tukuyu, milimani Rungwe, mwezi Julai, hali ni nyingine: chini ya nyuzi 13 mayai hayaanguliwi. Ila mkubwa hafi. Hupoa tu, akastahimili njaa kwa miezi. Wanaosema baridi ya Rungwe ni dawa ya kunguni hawajalala huko, au wamelala wamechoka sana.

Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa ziwa hili mwaka 1879, alisifu usafi wa nyumba za Wanyakyusa. Mkeka ulikunjwa, ukaanikwa, basi. Baadaye tukaja sisi maseremala na vitanda vya mbao: chaga, viungo, nyufa, kila mahali pa kujificha. Likafuata godoro la sponji, ambalo jua huishia juu juu tu.

Kwa hiyo msimu wa kunguni haukufuata tena joto, ulifuata watu. Mpunga ulipovunwa, Mei hadi Julai, miezi yetu ya ubaridi, ndipo walipozidi. Wanunuzi walijaa, na abiria wa meli za MV Iringa na MV Songea walilala popote na mabegi yao wakingoja safari ya Lupingu, Manda, Liuli na Mbamba Bay. Kila begi lilikuja na wageni wake.

Vyandarua vyenye dawa vilitupumzisha kwa muda. Lakini huko Muheza, Tanga, watafiti walionyesha mwaka 2002 kwamba kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua hivyo kwa miaka wameizoea dawa. Hata dawa ya DDT kunguni walishaishinda kwa wanajeshi wa Marekani kule Pearl Harbor mwaka 1947.

Meli siku hizi hutia nanga zaidi bandari ya Kiwira. MV Mbeya II ilipoanza kubeba abiria mwaka 2021, mwenye gesti mmoja alinijia, akaniamkia, akataka nimtengenezee vitanda vya mninga. Nilimwambia, "Mwanangu, hela hiyo nunulia vitanda vya chuma." Alidhani nimezeeka.