Kamera Iliyoona Zaidi ya Mwenyewe

Mwaka 1875, huko Chichén Itzá katika rasi ya Yucatán, Augustus Le Plongeon na mkewe Alice walifukua sanamu ya mtu aliyelala chali, magoti juu, uso kaugeuzia pembeni. Le Plongeon akaitungia hadithi ya Malkia Móo aliyekimbilia Misri, na wataalamu wakamcheka mpaka alipofariki mwaka 1908. Hata hivyo, mamia ya picha walizopiga wanandoa hao watafiti wanazitumia hadi leo. Hapo ndipo ilipo thamani ya wapigapicha wa mwanzo wa magofu ya Wamaya: kioo cha kamera kilinasa hata yale ambayo mwenye kamera hakuyaelewa.

Penseli ilishindwa hapo. Jean-Frédéric Waldeck aliwahi kuchora vichwa vya tembo katika maandishi ya Palenque, kwa kuwa aliamini vimo. Ni kweli, Frederick Catherwood alichora kwa uaminifu mkubwa, lakini uaminifu huo tunaujua kwa sababu michoro yake imelinganishwa na picha za waliomfuata. Picha zenyewe hazikupatikana kwa urahisi. Désiré Charnay, aliyefika Uxmal karibu na mwaka 1860, alipaka kioo kolodioni, akakichovya katika nitrati ya fedha, akapiga picha kingali kibichi na kuisafisha papo hapo. Katika joto lile, dawa ikiwahi kukauka, kazi yote imepotea. Vioo vikavu vilipoenea miaka ya 1880, Alfred Maudslay aliweza kupiga picha msituni na kuzisafisha baadaye.

Wapo wasemao kamera nayo hudanganya, na wana hoja. Miti ilifyekwa ili jengo lionekane likiwa peke yake, kana kwamba nchi haina watu. Wamaya waliofungua njia na kubeba masanduku wanaonekana mara nyingi kama kipimo tu cha urefu wa ukuta. Lakini upotofu huo umo katika kuchagua cha kuonyesha. Mistari iliyochongwa kwenye jiwe haikubadilika kwa matakwa ya mpigapicha, na jiwe lililopigwa na watu wawili linaweza kukaguliwa. Ushahidi mzito ni Piedras Negras, Guatemala. Teobert Maler alipiga picha za nguzo zake za mawe zilizochongwa watu na maandishi, na Jumba la Makumbusho la Peabody likazichapisha mwaka 1901, wakati ambapo hakuna aliyeweza kusoma maandishi yale zaidi ya tarehe. Mwaka 1960 Tatiana Proskouriakoff, aliyepafahamu vizuri mahali hapo, alipanga nguzo hizo kwa makundi akagundua kwamba tarehe za kila kundi hazizidi umri wa binadamu mmoja. Kumbe waliochongwa walikuwa wafalme, na tarehe ni za kuzaliwa kwao na kutawazwa. Ulinganishaji wa namna hiyo unataka mawe mengi yatazamwe pamoja, jambo lisilowezekana msituni ila kwa picha.

Miaka hiyohiyo ya 1960 wezi waliingia Piedras Negras na misumeno, wakakata nguzo vipande vya kuuzwa ng'ambo. (Maudslay naye hakuondoka mikono mitupu: vizingiti vya Yaxchilán alivyosafirisha viko London.) Kipande kilichokatwa kikijitokeza sokoni, picha ya Maler huonyesha kilipokuwa kimesimama, na maandishi yaliyokuwa ubavuni mwake.