Bili ya hospitali

Bili ya hospitali (pia: ankara ya matibabu) ni hati inayoonyesha kiasi cha fedha anachodaiwa mgonjwa kwa huduma alizopata.

Nchini Tanzania matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure hadi mwaka 1993, ulipoanza mpango wa kuchangia gharama. Kwenye bili kila kitu huhesabiwa peke yake: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda, upasuaji, hata glavu na mabomba ya sindano. Ndiyo sababu jumla humshtua mtu aliyeulizia bei ya upasuaji tu. Anaweza kuomba mchanganuo na kuulinganisha na alichopewa wodini. Malipo hufanywa kwa kumbukumbu namba, si kwa kumkabidhi mhudumu fedha mkononi.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wazee wasio na uwezo waliofikisha miaka 60, na wenye maradhi kama kifua kikuu na ukoma. Maskini wengine huombewa msamaha kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kwa kawaida hutaka barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Bahati mbaya, ndugu wengi humwendea siku mgonjwa anaporuhusiwa, deni likiwa limeshakua na pengine ng'ombe ameshauzwa. Ni afadhali kumwona tangu siku ya kulazwa.

Mwenye bima hulipiwa huduma zilizo katika kitita chake. Zilizo nje ya hapo hulipa mwenyewe.