UZI: Nani hulipia dawa ya shosho? Historia fupi ya biashara ya afya ya wazee Kenya

1. Kila mjadala wa afya ukipamba moto huku mtandaoni, watu hugawanyika mara mbili. Kundi moja linasema wafanyabiashara wanakula jasho la wazee. Lingine linasema serikali ikae kando, sekta ya kibinafsi itamaliza kazi. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tupitie historia tu, kwa sababu pande zote mbili zinaruka swali moja: mzee akiugua, nani analipa, na analipa lini?

2. Hii stori nimeingilia kwa daftari. Shangazi yangu ni muuguzi. Aliacha kazi ya serikali mwaka 2003 akafungua kliniki ya chumba kimoja na kaduka ka dawa, kamji kadogo upande wa Nyandarua. Wateja wake wengi ni wazee: presha, sukari, magoti, macho. Desemba iliyopita aliniambia, "Wewe si umesoma? Hebu nihamishie haya madeni kwa kompyuta." Akanipa madaftari manne.

3. Nilidhani nitaona majina na pesa tu. Nikaona karibu miaka ishirini ya siasa za Kenya, imeandikwa kwa biro. Lakini kabla ya daftari la kwanza kuna historia ndefu zaidi, na shangazi aliishi sehemu yake. Twende.

4. Baada ya uhuru, taifa lilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 ada ya wagonjwa wa nje ikaondolewa katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata, 1966, NHIF ikaanzishwa kwa sheria ya Bunge. Hapo ndipo watu husimulia kwamba "zamani mambo yalikuwa sawa." Ngojeni kidogo.

5. Angalia jina lenyewe la NHIF: ilikuwa bima ya hospitali. Ilianza na watu wenye mshahara, na kwa miongo mingi kazi yake kubwa ilikuwa kulipia kitanda ukilazwa. Sasa fikiria ugonjwa wa mzee. Presha hailazwi. Presha ni kidonge kila asubuhi, mwezi baada ya mwezi, mpaka siku zako ziishe. Huduma za wagonjwa wa nje zilikuja kufunguliwa kwa wanachama wa kawaida mwaka 2015. Karibu miaka hamsini, mwanachama wa kawaida alilipiwa kitanda, kidonge akajinunulia.

6. Halafu ikaja miaka ya themanini. Uchumi ulikuwa umebanwa, na wakopeshaji, hasa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, walitaka serikali ipunguze matumizi. Desemba 1989 ada zikarudi hospitalini. Jina la heshima lilikuwa "kuchangia gharama." Shangazi alikuwa muuguzi kijana wakati huo. Anasema wa kwanza kupotea kwenye foleni walikuwa wazee, kwa sababu mama mwenye mtoto mgonjwa atakopa popote, lakini mzee akiambiwa alipe, anasema tu "nitarudi Jumatatu." Harudi.

7. Mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba mwaka 1990 ada ya wagonjwa wa nje ilisimamishwa. Kisha ikarudishwa kwa awamu kuanzia mwisho wa 1991. Tuliwahi kufanya jaribio hili nchi nzima na tukaona matokeo. Mtu akikuambia leo kwamba "ada ndogo haimuumizi mtu," mwulize kama anajua kilichotokea 1990.

8. Sasa hapa ndipo biashara inapoingia. Mwaka 1988 Bunge lilipitisha sheria ya kusajili maafisa wa kliniki, na waliotimiza masharti wakaweza kufungua kliniki zao. Mwaka mmoja baadaye hospitali ya umma ikaanza kulipisha. Ona hesabu ya mzee wa kijijini: kama pale pia nalipa, halafu napanga foleni tangu alfajiri, halafu naambiwa dawa hakuna nenda ukanunue nje, si afadhali niende kwa yule wa sokoni ananijua jina?

9. Kwa hivyo, kundi la kwanza, nawaomba mnisikize. Nyingi ya hizi kliniki ndogo na maduka ya dawa hazikuja kumnyang'anya mzee kitu. Ziliota mahali serikali ilipoondoa mguu. Kuna wezi ndani yao? Wapo. Kuna wanaouza dawa bila leseni? Pia wapo. Lakini ukizifunga zote kesho, shosho wa Nyandarua hatapata hospitali mpya. Atapata safari ndefu.

10. Turudi kwa daftari la kwanza, 2003 hadi 2007. Karibu kila ukurasa una neno moja: "mtoto." Yaani, mtoto atalipa akija. Mtoto yuko Nairobi, au Nakuru, au hajulikani aliko. Pesa ilikuja kwa bahasha kupitia dereva wa matatu, au Krismasi watu wakirudi nyumbani. Shangazi alikuwa akiuza dawa Machi na kulipwa Desemba. Wakati huo zahanati za serikali zilikuwa zimepunguza ada, 10/20: shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya, tangu 2004. Ilisaidia sana. Lakini ikiwa rafu ya dawa ni tupu, shilingi 10 inakununulia ushauri tu.

11. Daftari la pili lina kitu kipya: namba za simu. M-Pesa ilianza Machi 2007, na ukifuata kurasa unaona deni linaanza kulipwa wiki ileile. Mtoto aliye Nairobi anapigiwa simu, anatuma. Kwa maoni yangu hii ilibadilisha afya ya wazee wa mashambani kuliko hotuba nyingi. Lakini angalia nani aliyefaidika: mzee mwenye mtoto, mwenye kazi, na anayeshika simu.

12. Katiba ya 2010 ikaja na maneno mazito. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 57 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia NA serikali. Nimeandika hiyo NA kwa herufi kubwa makusudi. Wanasiasa wakibanwa, husoma "familia" wakasimama. Wanaharakati nao husoma "serikali" wakasimama. Katiba iliwataja wote wawili.

13. Mwaka 2013 ada za zahanati na vituo vya afya vya umma zikaondolewa, na mwaka huohuo afya nyingi ikahamia kaunti. Hapo ndipo mchezo wa lawama ulipozaliwa: kaunti inasema pesa haijatoka Nairobi, Nairobi inasema kaunti imezitumia vibaya. Mzee amekaa kwa benchi katikati. Daftari la tatu linaonyesha kitu cha ajabu: miezi ambayo wahudumu wa afya walikuwa kwa mgomo, mauzo ya shangazi yalipanda, na madeni yakapanda kuliko mauzo.

14. Tangu 2018, Inua Jamii ilifungua mlango kwa wazee wa zaidi ya miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Watu hudharau hiyo pesa. Mimi nimeiona kwa daftari. Malipo yakitoka, wazee wanakuja siku hiyohiyo kufuta deni, tena kwa fahari. Yakichelewa miezi miwili, kurasa zinajaa. Kumbe tatizo la kuchelewa linaweza kuwa kubwa kama la kiasi. Presha haingoji hazina.

15. Halafu bima. Shangazi alijaribu. Aliingia mkataba na bima moja, sitaitaja, akahudumia wazee, akajaza fomu. Malipo yalikaa miezi. Wakati huo msambazaji wa dawa anataka pesa yake taslimu. Kuna guka ambaye mashine ilikataa alama zake za vidole kwa sababu zimelika kwa jembe miaka hamsini. Shangazi alimpa dawa, lakini dai likakataliwa kwa kukosa alama. Nani alipata hasara hapo? Si bima.

16. Kundi la pili, la "soko litatatua," hili ni lenu. Soko linataka mteja mwenye pesa siku anayohitaji bidhaa. Mzee ni kinyume chake: hitaji lake ni la kila siku, mapato yake ni ya kubahatisha. Karibu kila biashara ya afya ya wazee inaishi kwa mfuko wa mtu mwingine, awe mtoto, serikali au bima. Mfuko huo ukichelewa, hakuna ujanja wa biashara utakaookoa. Duka linafungwa, au linaacha kuwahudumia maskini. Hakuna njia ya tatu.

17. Shangazi alifika hapo. Mapema mwaka jana alibandika karatasi mlangoni: HAKUNA DENI. Mzee mmoja, mteja wa miaka kumi, akaanza kukata kidonge cha presha nusu ili kidumu. Hakumwambia mtu, aliona haya. Mwezi wa sita akapata kiharusi. Yuko hai, lakini mkono wa kulia hauinuki. Shangazi aliitoa ile karatasi siku hiyo hiyo. Nilipouliza kwa nini madeni ya Julai yameruka hivi, ndipo aliponisimulia.

18. Alichofanya baadaye ni kuwapigia watoto wa wateja wake. Familia ikilipa 600 bob kufikia tarehe tano, mzee wao anapimwa presha na sukari na kupata dawa zake za kawaida mwezi mzima. Familia kadhaa zimeingia na biashara imeanza kupumua. Lakini kuna majina tisa kwa daftari la nne ambayo hayana mtoto wa kupigia. Nimeyahesabu mwenyewe. Hao si swali la biashara tena. Hao ndio ile nusu ya pili ya Kifungu cha 57.

19. Sasa tuko kwa SHA tangu Oktoba 2024. Kwenye karatasi kuna mifuko mitatu: wa afya ya msingi unaogharamiwa na kodi, wa bima ya kuchangia, na wa dharura na magonjwa sugu. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara anakadiriwa kwa maswali, kiwango cha chini 300 kwa mwezi, na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600 kwa mkupuo. Kwa mzee wa Inua Jamii hiyo ni karibu miezi miwili ya pesa yote anayopata. Mfuko wa kwanza haudai mchango wa mgonjwa. Kwa hivyo kwa mzee wa presha, huo ndio wa kufuatilia: una pesa kiasi gani, na unawalipa watoa huduma baada ya siku ngapi?

20. Mjadala ujao ukianza, msikubali "serikali au biashara." Tangu 1989 tumekuwa na vyote viwili. Muulizeni anayeomba kura maswali matatu. Moja: dawa ya kila siku italipiwa na mfuko gani? Mbili: zahanati na kliniki ndogo zitalipwa ndani ya siku ngapi? Tatu: mzee asiye na mtoto, asiye na simu, na asiye na alama za vidole, anaingia kwa mlango upi? Asipojibu la tatu, hajafika kijijini.

21. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Mmoja wao ni wako. Kabla hujakomenti hapa, mpigie, umuulize dawa zimebaki ngapi. Na usikubali "ziko tu." Mwambie azihesabu.